Mgongo Mmoja, Watoto Wawili

Kambi ya Shamba la Ngano,
Basotu.
19 Februari 1989

Mpendwa Shangazi Bernadina,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Huku kambini tu wazima, ukiacha mafua ya vumbi ambayo hapa si ugonjwa tena, tumeshayazoea kama jirani. Nikolausi anakusalimu sana. Tangu waanze kutayarisha mashamba anarudi na trekta taa zikiwa zimewashwa, uso mweusi mpaka Efrazia anamkimbia baba yake hadi anawe. Huyo Efrazia sasa anasema kila kitu, na mengine sijui kayatoa wapi. Joakimu mdogo tumembatiza Jumapili iliyopita. Ananyonya vizuri na ana kichwa kikubwa cha ukoo wetu, kwa hiyo hakuna atakayeuliza ni wa nani.

Mimi nimesharudi kazini, jikoni kwenye nyumba ya wageni ya shamba. Na hapo ndipo ninapohitaji ushauri wako.

Wataalamu wawili wa Kanada, yule wa mbegu na yule wa mashine, wanamaliza mikataba. Wataondoka mwishoni mwa mwezi wa nane, mavuno yakiisha. Kila mmoja ana watoto wawili wadogo, na kila nyumba ina kigari cha kusukumia watoto wawili kwa pamoja. Wake zao wameniambia nichague kimoja kabla hawajaondoka, na kingine kitakwenda zahanati. Kuchukua vyote viwili niliona haya.

Cha kwanza, cha mama wa mbegu, viti vyake vimekaa sambamba, bega kwa bega, turubai la bluu. Ni kipana. Nimekipima kwa khanga, mlangoni kwetu hakipiti mpaka ukikunje, na kukikunja kunataka mikono mitatu. Cha pili ni kirefu na chembamba, kiti kimoja mbele kingine nyuma, kama watu waliopakiana punda mmoja. Hicho mlangoni kinapita bila kugusa. Kiti cha nyuma kinalala kabisa, kwa hiyo Joakimu angelala huko karibu nami, na Efrazia angekaa mbele. Nikolausi anataka kirefu. Mimi sijui. Wewe umebeba watoto wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, hata kama hujawahi kusukuma mmoja. Ungechagua kipi?

Jana mvua ya kwanza ilishuka saa kumi jioni, harufu ya udongo ikanirudisha Daudi kabisa. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka mboga ikaungua.

Ni mimi mwanao,
Konsolata


Daudi, Mbulu.
20 Machi 1989

Mwanangu Konsolata,

Milele amina, na marahaba. Barua yako imekwenda Katesh, ikaenda Arusha, ikapanda Mbulu, utafikiri inatafuta mchumba. Nimeisoma mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Unakumbuka ulivyokuwa unanishika mkono, umetoka shule na njaa yako, unanifundisha kuandika B ya Bernadina ili mwalimu wa kisomo asinicheke? Sasa naandika mpaka katibu wa jumuiya ananiazima.

Hapa ni ukungu na baridi ileile. Maharage yameota vizuri, viazi sina hakika navyo. Ng'ombe mwekundu amezaa jike. Sebastiani shemeji yangu amevunjika jino kwa mahindi ya kuchoma, na badala ya kunyamaza anamwonyesha kila mtu pengo.

Sasa nikuulize. Umeniandikia ukurasa mzima wa viti na magurudumu, na neno moja hukuliandika. Efrazia anakuja lini?

Joakimu yupo duniani tangu Januari. Kwetu mtoto akipata mdogo wake, anapanda kwa bibi aachishwe mgongo, kama alivyoachishwa ziwa. Bibi yake ni mimi. Mama yake Nikolausi alishafariki, na mama yako mzazi pia, Mungu awalaze pema. Wewe mwenyewe ulikuja hivyohivyo, mdogo wako Basili alipozaliwa kule Gehandu. Kitanda chako kile kidogo nimeshakitengeneza, nimekaza kamba upya.

Kuhusu vigari sina la kusema. Ila nitasema hivi: mtoto aliyekaa kwenye kiti anaona magoti ya watu na mikia ya mbwa. Mtoto wa mgongoni anaona unachokiona wewe. Nilikuwa nakubeba mpaka misa ya Mbulu, kwenye mvua, nawe unakula kiazi cha kuchoma juu ya bega langu, makombo yote yananiingia shingoni. Nikifika kanisani najikung'uta kama kuku. Nasema tu, sikulaumu.

Jumamosi ya pili baada ya Pasaka nitamtuma Sebastiani Mbulu mjini akasubiri lori la mnada. Mpe dereva anayefahamika amlete, au njoo naye mwenyewe, tuonane.

Shangazi yako,
Bernadina


Kambi ya Shamba la Ngano,
Basotu.
17 Aprili 1989

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mungu ni mwema, sote tupo. Pole kwa jino la shemeji yako Sebastiani, na hongera kwa ndama. Huku mvua imeamua kutulipa deni la miaka. Ngano imeota, ukisimama kwenye kilima chenye tangi la maji unaona kijani mpaka chini ya Mlima Hanang, na Nikolausi anajisifu kana kwamba aliipanda kwa mikono yake peke yake.

Barua yako imenifikia jana tu. Ile Jumamosi imeshapita, na barabara ya kwenda Haydom imekatika, malori yamelala kwenye tope. Nasikitika kama shemeji alisubiri.

Juzi nilikuwa na mapumziko, nikaviazima vigari vyote viwili nivijaribu. Nilianza na kile kirefu. Kwenye changarawe ya kambi kinakwenda vizuri, ila kukikatisha kona ni kazi, inabidi ukiegemee kwa tumbo na kuinua pua yake. Joakimu alilala. Efrazia kule mbele hakutulia. Kila hatua anageuka, anasimama kwenye kiti, anauliza, "Mama uko?" Namjibu, "Nipo." Anakaa. Hatujafika dukani anageuka tena. Kifuniko cha jua kinamziba, hanioni.

Kile cha sambamba ni kizito kwenye tope. Udongo mweusi wa huku unaujua, ukishika kitu hauachii. Magurudumu madogo yalijaa mpaka yakawa kama maandazi. Qamara, mama wa wafugaji anayetuletea maziwa, alitukuta tumekwama. Siku hizi anazunguka shamba zima kutufikia, maana njia yao ya zamani ya ng'ombe sasa ni ngano. Akatua kibuyu chake, akakitazama kigari, akaniuliza, "Hawa ndama wawili umewafungia humo, wamekukosea nini?" Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanisaidia kukivuta.

Kwa hiyo bado sijaamua. Wewe unaona mlango ndio muhimu, au njia?

Nakumbuka sana jiko lako. Nakumbuka asubuhi ng'ombe wakihema ndani upande wa pili wa ukuta, na wewe unachochea moto umevaa lile koti la marehemu mjomba Hhando, na mimi nimejificha ndani ya koti hilohilo, kichwa kinatokea kati ya vifungo. Sijawahi kupata joto kama lile tena, Shangazi, na huku ndiko kwenye jua.

Ni mimi,
Konsolata


Daudi, Mbulu.
15 Mei 1989

Konsolata,

Marahaba. Tuko wazima. Viazi vimeoza nusu. Ndama anaendelea vizuri.

Sebastiani alisubiri pale stendi ya Mbulu tangu asubuhi mpaka wanafunga maduka. Lori lilikuja. Tope halikulizuia, lilikuja na mbuzi na watu, na dereva akasema kambini kwenu hakuna aliyempa mtoto wala salamu. Sebastiani alikuwa amemnunulia Efrazia andazi. Alirudi nalo mfukoni akanipa mimi.

Basi tuseme barua ilichelewa. Nakubali. Lakini uliponiandikia ilikuwa imeshafika, na bado umeniandikia habari za tope na kona. Ukurasa mzima wa kona. Mimi si mtu wa kuzungushwa, nawe unajua.

Wamama wa jumuiya wananiuliza kila Jumapili, "Mjukuu anakuja lini?" Bi Justina ameshanipa na kikombe chake kidogo cha bati. Nawajibu mvua, nawajibu barabara. Wiki iliyopita nilijibu surua, Mungu anisamehe, mtoto mzima nimemtia ugonjwa.

Nakuuliza jambo moja nawe unijibu hilohilo. Ulikosa nini kwangu? Ulikula, ulisoma, ulivaa viatu wakati wenzako wanakwenda pekupeku. Uliolewa kanisani kwa gauni nililolishona kwa mkono wangu. Kama kuna kitu ulikosa katika nyumba hii, kiandike nikisome. Na kama hukukosa, mtoto anazuiliwa na nini?

Usinitajie gurudumu.

Bernadina


Kambi ya Shamba la Ngano,
Basotu.
11 Juni 1989

Mpendwa Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimepiga magoti kabisa, amini usiamini, maana meza yetu ina mguu mbovu na naandikia juu ya kitanda. Watoto wamelala. Ngano imeanza kuwa njano, kombaini zimetolewa karakana, na wiki mbili zijazo hapa hakutakuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Barua yako ya Machi ilifika mapema. Ilifika Jumanne, na Jumamosi ya lori ilikuwa bado. Niliiweka chini ya godoro. Siku ile nilimvalisha Efrazia gauni, nikamfunga nywele, nikatoka naye mpaka njia panda na fuko lake. Lori likaja. Nikalipungia mkono kama mtu anayesalimu tu, likapita.

Umeniuliza nilikosa nini kwako. Sikukosa kitu. Naandika hivyo mara mbili ili usome mara mbili. Kwako sikukosa kitu.

Lakini unakumbuka mama alipokuja kunichukua? Nilikuwa nimeshakaa kwako msimu mmoja na wa pili ulikuwa unaisha. Alitoka Gehandu na kibuyu cha samli, miguu imevimba. Uliniita nikatoka nje. Nilimtazama, nikainamisha kichwa, nikasema "Shikamoo" kama ninavyomwamkia mgeni yeyote anayepita kuomba maji. Halafu nikarudi nyuma yako nikashika sketi yako. Aliitikia marahaba. Akanywa chai, mkasema mambo ya Basili na ng'ombe, akaniacha.

Baada ya hapo alikuwa anakuja, nami namwamkia vizuri, na namletea maji ya kunawa. Hata siku moja hatukugombana. Na wewe tulikuwa tunagombana kutwa. Mama alipofariki nilikwenda Gehandu, nikalia kwa adabu, kama jirani mwema anavyolia. Basili alikuwa anagaagaa chini, na mimi nawagawia watu chai.

Shangazi, mama yangu ni wewe. Ndiyo maana inaniuma. Ungekuwa mtu mbaya ningekwisha kukuandikia tangu Februari.

Nikolausi naye ana haki yake. Mavuno yakianza lazima nipeleke chakula cha madereva mashambani, nina mgongo mmoja na watoto wawili, na Efrazia bado hawezi kutembea mbali. Anasema nikishindwa kuwachukua wote, Efrazia apande Daudi kama desturi ilivyo. Ndiyo maana nauliza kigari. Nikikosea kuchagua, kikinishinda njiani, mtoto wangu ataondoka. Na atakuwa na furaha kwako, hilo nalijua kuliko mtu yeyote. Siku nitakayomfuata ataniamkia.

Sina zaidi. Nisamehe kama kuna la kusamehe.

Konsolata


Kambi ya Shamba la Ngano,
Basotu.
30 Julai 1989

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijapata barua yako. Nimemtuma Nikolausi Katesh kuangalia sanduku la shamba, akakuta barua yangu hakuna. Labda imekwenda Arusha kutembea. Kama hujaandika, nalo naelewa. Kama unaumwa, tafadhali mwambie Bi Justina aandike japo neno.

Mavuno yamefika katikati. Makapi yako kila mahali, kwenye chai, kwenye nywele, kwenye masikio ya watoto. Wiki iliyopita mama wa mashine aliniruhusu nikitumie kile kigari kirefu kupeleka chakula mashambani. Nikolausi kwa furaha yake akaamua kukipaka mafuta magurudumu, na mafuta aliyonayo ni ile grisi nzito ya kombaini. Alikipaka kama anavyopaka mashine yake, bila huruma. Kilikwenda laini mpaka katikati ya shamba. Kisha makapi na vumbi vikanasa kwenye grisi, magurudumu yakaganda yote kwa pamoja, na sisi tuko mahali ambapo hata mti wa kujibanzia hakuna. Unajua tulifanyaje? Joakimu mgongoni kwangu, Efrazia mgongoni kwa Zita mpishi mwenzangu, na kigari tukakibeba sisi, yeye mbele mimi nyuma, sufuria zikiwa zimekaa ndani kama mabwana. Madereva walisimamisha kombaini tatu ili wacheke vizuri.

Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani nikalia, maana Nikolausi alinitazama tu, na nikajua anachofikiri.

Wale wa Kanada wanaondoka tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Lazima niseme kipi. Nimeshindwa kuchagua bila wewe, na nimeshindwa kukuomba.

Jana Efrazia aliniuliza Bibi wa Daudi ana meno mangapi. Nilimwambia yote. Natumaini sijamdanganya.

Ni mimi,
Konsolata


Daudi, Mbulu.
13 Agosti 1989

Mwanangu,

Marahaba. Meno yamebaki ya kutosha kutafuna mahindi, mwambie.

Barua hii nampa dereva wa lori la mnada mkononi. Posta siitaki.

Sikuumwa. Barua yako ya Juni niliipata nikiwa natoka kanisani, nikaisomea njiani, na nilipofika nyumbani nilichukua jembe nikalima shamba lote la juu, ambalo halikuwa na haja ya kulimwa. Nilikasirika. Nilikuwa nakujibu moyoni kila siku, na kila jibu lilikuwa na haki, na hakuna hata moja nililoweza kuliandika. Nilisema, kumbe nimelea mtu anihesabie makosa. Nilisema mengi. Bi Justina alikuja na kikombe kingine nikamfukuza na kikombe chake.

Halafu ikaja ile ya kombaini. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka mbwa akatoka nje. Hasira ikanikatikia humo, sijui ilikwenda wapi.

Nakumbuka siku aliyokuja mama yako. Unafikiri mimi sikuona? Perpetua alipoondoka nilimsindikiza mpaka pale kwenye mikaratusi, tukaagana, akateremka. Hakugeuka hata mara moja. Mimi nilirudi nikamwambia marehemu mume wangu, "Yule mwanamke ana moyo mgumu." Nilimwambia hivyo miaka yote. Sasa nimezeeka, magoti yananiuma, na najua mtu anayeteremka mlima bila kugeuka anaficha nini usoni.

Alikuwa mke wa kaka yangu na sikuwahi kumwuliza. Desturi ilikuwa hivyo na sisi tuliifuata, na watoto walikua vizuri. Wewe umekua vizuri. Sitaki kusikia kwamba ilikuwa vibaya. Lakini naona unaweza kufanya vingine, na mimi nisife.

Sasa sikiliza, maana umeniuliza tangu Februari na mimi sijakujibu. Chukua kile cha sambamba.

Mlango si kitu. Kigari kilale nje, kifunike na gunia, nani ataiba viti viwili vya bluu Basotu asionekane? Hayo magurudumu, pale karakana kuna mafundi wanaotengeneza matrekta, watashindwaje kukifungia magurudumu ya toroli? Na Nikolausi asikiguse na grisi yake. Lakini kile kirefu achana nacho. Umeniandikia mwenyewe na hujaona ulichokiandika. Mtoto anakaa mbele peke yake, anauliza mama uko, mama uko. Huyo hatazoea. Ataacha kuuliza tu, na wewe utafikiri amezoea. Waweke bega kwa bega, wapigane, wanyang'anyane viazi, wote wawili wako karibu na mkono wako sawasawa.

Nimemwambia Sebastiani aangalie ng'ombe. Mnada wa mwezi wa tisa nateremka mwenyewe kuwaona. Tangu uolewe sijakanyaga huko. Usinipikie ngano.

Shangazi yako,
Bernadina


Daudi, Mbulu.
24 Septemba 1989

Mwanangu Konsolata,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama. Mgongo unauma kwa lile lori lakini ni maumivu ya kawaida. Ndama ameninusa kwanza kabla hajanikubali. Sebastiani aliwanywesha ng'ombe vizuri, ila amekula asali yangu yote na anasema ni nyuki waliirudia. Msalimu Nikolausi, mwambie kile kigari na magurudumu yake ya toroli kinatembea kama mlevi, lakini kinatembea. Msalimu na Zita, na yule mama wa maziwa aliyenicheka viatu.

Nimewasimulia wamama wa jumuiya yote. Ziwa la Basotu na viboko, ngano iliyokatwa mpaka macho yanachoka, Efrazia na Joakimu wamekaa kama wazee wa baraza na mimi nasukuma. Bi Justina haamini kwamba nilisukuma. Nimefurahi sana kukaa kwako. Unapika vizuri, ila chumvi unaiogopa tangu utoto.

Kuna jambo sikukuambia, na nimekaa siku kumi nikifikiri nikuambie au nife nalo.

Nilikuja na nguo ya kubebea. Ile ya zamani, ya kahawia, niliyokubebea wewe. Ilikuwa chini kabisa ya kapu langu, chini ya maharage. Nilikuwa nimeshakuandikia uchukue cha sambamba, na niliandika kwa moyo wangu, lakini mkono wangu uliiweka ile nguo kapuni hata hivyo. Nilijiambia huenda mtoto mwenyewe akataka. Mtoto akitaka, nani atamlaumu bibi?

Na alitaka, Konsolata. Asubuhi ile ya kuondoka wewe ulikuwa umeshakwenda jikoni, ukaniachia watoto nikuletee nikipita kwenda mnadani. Efrazia alivaa viatu vyake, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, akaleta fuko lake, akasimama mbele yangu akasema, "Bibi, twende kwenu." Akanizunguka mgongoni mwenyewe akasubiri nichuchumae. Nilichuchumaa. Alinikumbatia shingo, uzito wake ni ule uleule wako. Kapu lilikuwa mkono wa kulia. Ningeweza kwenda naye. Wewe usingenikatalia, nakujua, ungelia tu na kunishukuru.

Nilikaa hivyo kidogo. Halafu nikamtoa, nikamweka kwenye kigari kando ya mdogo wake. Alilia. Joakimu akamshika sikio, akalia pamoja naye. Nikawasukuma mbiombio mpaka mlango wa jikoni, nikakuita, nikakuambia, "Shika watoto wako, lori linaondoka." Ukatoka na unga mikononi, ukaniambia, "Shangazi, hata chai?" Sikusimama. Ulidhani nakimbilia lori.

Nilikaa pale mnadani kwenye gunia la magadi, nikalia mpaka watu wakaniuliza nimeibiwa kiasi gani. Lori lilikuwa bado halijapakia hata mbuzi mmoja.

Shangazi yako,
Bernadina